Kutoka Mfuko wa Hewa hadi Mapovu: Historia ya Uchaguzi wa Njia za Kusaidia Upumuaji wa Watoto Wachanga Mahututi Mwanza na Kandokando ya Ziwa Viktoria, 1971–2025

Utangulizi

Mwaka 1971 ulishuhudia matukio mawili ambayo hayakuhusiana. Mjini Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, Kanisa Katoliki lilifungua hospitali kubwa iliyokusudiwa kuwahudumia wakazi wa mikoa yote inayolizunguka Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Katika mji wa San Francisco nchini Marekani, George Gregory na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine taarifa ya watoto 20 waliozaliwa na mapafu yasiyokomaa. Watoto hao walisaidiwa kwa shinikizo dogo la hewa lililodumishwa mapafuni muda wote, wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuitoa. Watoto 16 kati yao waliishi, katika zama ambazo wengi wa watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa ndani ya siku tatu. Njia hiyo, ambayo leo wauguzi wa Tanzania huitaja kwa kifupi chake cha CPAP, haikuhitaji vifaa vya ajabu. Mrija uliozamishwa ndani ya chupa ya maji ulitosha kuzalisha shinikizo lenyewe. Hata hivyo, ilipita miongo mingi kabla njia hiyo haijaanza kuwa sehemu ya mazungumzo ya kawaida katika wodi za watoto wachanga za Afrika Mashariki.

Jibu lililozoeleka kuhusu ucheleweshaji huo ni umaskini. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi, kwa kuwa katika miongo hiyohiyo nchi iliyokuwa maskini iliweza kupeleka chanjo hadi katika zahanati za visiwani. Makala haya yanafuatilia namna njia za kumsaidia mtoto mchanga mahututi kupumua zilivyochaguliwa, zilivyoahirishwa na zilivyopangwa upya katika eneo la Mwanza na kandokando ya ziwa. Yanajenga hoja kwamba uchaguzi huo haukuwahi kuwa uchaguzi wa chombo peke yake. Uliamuliwa na mambo matatu ambayo hayamo ndani ya sanduku la mashine: nani anakesha na mtoto, hewa inatoka wapi, na mtoto amefika hospitalini baada ya saa ngapi.

Hospitali, sera na mtoto asiyehesabiwa

Huduma ya tiba ya kimisheni kandokando ya ziwa ilikuwa na mizizi mirefu. Wamisionari wa Shirika la Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ilianzishwa mwaka 1959. Bugando ilikuja kuwa kilele cha mtandao huo, lakini ilizaliwa katika wakati mgumu kwa hospitali kubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuelekeza macho ya taifa vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliamua kuhamisha uzito wa matumizi ya afya kutoka hospitali za mijini kwenda vituo vya afya na zahanati. Bugando yenyewe ilitaifishwa mwaka 1972, kisha ikarejeshwa kwa Baraza la Maaskofu mwaka 1985.

Uamuzi wa kuipa kipaumbele zahanati ulikuwa wa haki, na mtafiti anayeutazama leo hana sababu ya kuubeza. Wengi wa waliokuwa wakifa walikuwa mbali na vilima vya miji. Mpango wa huduma za mama na mtoto ulioanza mwaka 1974, pamoja na mpango wa chanjo uliofuata mwaka 1975, ulilenga surua, pepopunda, kifaduro na kifua kikuu, maradhi yaliyokuwa yakimaliza watoto waliokwisha kutambaa. Mtoto wa siku moja aliyekuwa akihangaika kupumua hakuwa na chanjo yake. Mara nyingi hakuwa na hata rekodi yake: alizaliwa nyumbani, akafa nyumbani, akazikwa bila jina lake kuandikwa katika daftari lolote la serikali.

Takwimu za taifa zinaonyesha gharama ya kutohesabiwa huko. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za hali ya afya, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 147 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 43 mwaka 2022. Katika kipindi hichohicho, vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilishuka kutoka 40 hadi 24. Sehemu kubwa ya ushindi huo wa watoto wachanga ilipatikana mapema, kwa kuwa kati ya utafiti wa mwaka 2010 na ule wa 2022 kiwango kilisogea kutoka 26 hadi 24 tu. Hivyo mwezi wa kwanza wa maisha, uliokuwa ukibeba zaidi kidogo ya robo ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano, sasa unabeba zaidi ya nusu. Wakati huohuo, wanawake waliojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 47 katika utafiti wa 2004–05 hadi asilimia 81 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, mtoto mchanga aliletwa hospitalini kwa wingi, na huko ndiko alikoendelea kufia. Kuanzia hapo swali la namna ya kumsaidia kupumua halikuweza tena kukwepwa.

Mapafu yanahitaji nini

Ili kuelewa ugumu wa uchaguzi, ni lazima kutenganisha magonjwa ambayo kwa macho ya mama yanafanana. Mtoto anayepumua kwa haraka, anayebonyea mbavu na kuguna anaweza kuwa njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa. Anaweza pia kuwa mtoto aliyetimiza miezi tisa lakini akakosa hewa wakati wa uchungu wa mama. Anaweza vilevile kuwa na maambukizi ya damu yaliyofika mapafuni, au maji tu ya mapafu ambayo yangekauka yenyewe baada ya siku moja au mbili.

Kuhusu njiti, msingi wa maarifa uliwekwa mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo yalikosa utando unaopunguza mkazo wa uso wa vifuko vya hewa. Bila utando huo, vifuko hujifunga kila mtoto anapotoa pumzi, na kila pumzi mpya huwa kama kupuliza puto jipya. Mwaka 1963 Patrick Bouvier Kennedy, mtoto wa Rais wa Marekani aliyezaliwa kabla ya wakati, alifariki dunia siku mbili baada ya kuzaliwa kwa ugonjwa huohuo, ingawa alikuwa karibu na hospitali bora za nchi yake. Habari hiyo ni muhimu kwa historia ya Mwanza kwa sababu moja: inakumbusha kuwa miaka minane tu kabla ya Bugando kufunguliwa, fedha zote za dunia hazikuweza kununua tiba ambayo haijavumbuliwa. Pengo kati ya tajiri na maskini katika jambo hili ni la baadaye.

Kuguna kwa mtoto ndiko kulikofungua njia. Mtoto anapoguna huwa amebana koo ili hewa isitoke yote, yaani anajitengenezea shinikizo mwenyewe hadi nguvu zimwishie. Alichofanya Gregory ni kumsaidia mtoto katika kazi ambayo tayari alikuwa ameianza. Watoto 18 kati ya wale 20 walipewa shinikizo kupitia mrija wa kooni, na wawili kupitia chumba kilichofunika kichwa. Baadaye njia ilirahisishwa kwa mirija mifupi ya puani, na katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, chini ya Jen-Tien Wung, mapovu ya chupa ya maji yaliendelea kutumika hata pale hospitali nyingine zilipokimbilia mashine kubwa za kupumulia. Mwaka 1987 Avery na wenzake walilinganisha vituo vinane vya Amerika ya Kaskazini wakakuta kwamba Columbia ndiyo iliyokuwa na watoto wachache zaidi waliobaki na ugonjwa sugu wa mapafu. Kwa hiyo si sahihi kuyaona mapovu kuwa ni njia ya maskini wanaosubiri mashine halisi. Yalishinda mashine katika mji tajiri kabla hayajapelekwa kwa maskini.

Oksijeni nayo ina historia yake ya majonzi. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hewa hiyo ilimwagwa bila kipimo katika mashine za joto za nchi zilizoendelea, na watoto wanaokadiriwa kufikia 10,000 wakapofuka kwa ugonjwa wa retina wa watoto njiti. Baada ya utafiti wa mwaka 1953 na 1954 kuthibitisha chanzo, oksijeni ilibanwa kupita kiasi. Mwaka 1973 K. W. Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa asipofuke, watoto 16 hivi walikufa. Kipimo cha wastani, yaani oksijeni ya damu kati ya asilimia 90 na 95 kwa njiti anayesaidiwa, kimepatikana kwa gharama hiyo.

Kipimo hicho, kikifika Mwanza, kinakutana na jiografia. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mkandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ukilinganisha na ule wa Dar es Salaam au Tanga. Mtoto mwenye afya haoni tofauti. Mtoto ambaye mapafu yake yamefunga nusu anaanza akiwa nyuma kidogo kuliko mwenzake wa pwani.

Dakika ya kwanza

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakuletwa na mashine yoyote ya wodini. Yalitokea katika chumba cha kujifungulia, na kwa gharama ya mfuko wa mpira na barakoa. Mfululizo wa makala za jarida la Lancet za mwaka 2005 ulikuwa umeutangazia ulimwengu kwamba watoto wachanga milioni nne walikuwa wakifa kila mwaka, na wengi wao si kwa kukosa vyumba vya wagonjwa mahututi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa. Mafunzo hayo yalianza nchini mwaka 2009, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na Georgina Msemo na wenzake kutoka hospitali nane.

Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu lakini ambao miili yao ilionyesha kuwa walifia katika uchungu walipungua kwa asilimia 24. Namba hizo zimenukuliwa mara nyingi. Isiyonukuliwa sana ni nyingine ya utafiti uleule: watoto waliosuguliwa na kukaushwa ili waamke waliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 88, ilhali waliopulizwa kwa mfuko na barakoa walipungua kutoka asilimia 8.2 hadi 5.2. Mkunga aliyefundishwa alitumia chombo kidogo kuliko asiyefundishwa. Watoto wengi waliokuwa wakihesabiwa wafu, au waliokuwa wakiachwa hadi wahitaji kupulizwa, walihitaji mikono na kitambaa kikavu tu, mapema.

Utafiti wa Hege Ersdal na wenzake katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, uliotangazwa mwaka 2012, uliupa uharaka huo uzito wa kihesabu. Kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpuliza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Kwa mkunga aliye peke yake katika kituo cha afya usiku, akiwa na mama anayetoka damu mbele yake, nusu dakika ni muda wa kugeuka, kutafuta mfuko na kukuta barakoa haipo mahali pake.

Ndiyo maana mpango uliofuata ulihusu mazoea zaidi ya ujuzi. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mradi wa Safer Births ulitekelezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara juu ya mwanasesere, palepale kazini, badala ya semina ya siku tatu hotelini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto kabla tu na baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Wastani huo hata hivyo unaficha tofauti kubwa baina ya mikoa. Mafunzo yaleyale na vifaa vilevile havikuzaa matunda sawa kila mahali, na jambo hilo linastahili kuchunguzwa na wanahistoria wa afya kuliko wastani wenyewe.

Mapovu na chupa ya maji

Mtoto anayepumua mwenyewe lakini kwa taabu ndiye anayezua swali la wodini: apewe oksijeni ya puani tu, apewe shinikizo la mapovu, au atafutiwe mashine ya kupumulia? Kwa eneo la ziwa, ushahidi wenye uzito ulitoka nchi jirani. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice na madaktari wa huko waliunda kifaa cha bei nafuu cha CPAP ya mapovu. Katika taarifa ya Kondwani Kawaza na wenzake ya mwaka 2014, watoto wachanga 44 kati ya 62 waliotumia kifaa hicho waliishi, yaani asilimia 71, dhidi ya 11 kati ya 25 waliopewa oksijeni pekee, yaani asilimia 44. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza CPAP kwa njiti wenye shida ya kupumua mwaka 2015, na mwaka 2022 likaupa pendekezo hilo nguvu zaidi, likikubali mapovu kuwa chanzo kinachofaa cha shinikizo hilo. Tanzania iliandaa mwongozo wake wa huduma na uanzishaji wa wodi za watoto wachanga mwaka 2019, na katika mwaka huohuo ikaingia, pamoja na Kenya, Malawi na Nigeria, katika mpango wa NEST360 wa kusambaza vifaa vya wodi hizo na mafundi wa kuvihudumia.

Lakini Malawi ilitoa pia onyo. Mwaka 2019 Eric McCollum na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio katika hospitali ya wilaya ya Salima, miongoni mwa watoto 644 wa mwezi mmoja hadi miezi 59 waliokuwa na homa kali ya mapafu. Waliopewa mapovu walikufa kwa asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida kwa asilimia 11. Hao hawakuwa watoto wachanga, na mapafu yao hayakuwa na tatizo la utando. Hata hivyo, sharti moja la jaribio hilo linafanana mno na hali ya hospitali nyingi za wilaya kandokando ya ziwa: huduma ilikuwa katika wodi ya kawaida, bila daktari wa kusimamia kila siku. Njia ileile iliokoa mahali penye watu wa kukesha na haikuokoa mahali ambapo hawakuwapo. Dawa za kukomaza mapafu anazochomwa mjamzito kabla ya kujifungua njiti zina hadithi inayofanana nayo. Jaribio la mwaka 2015 lililozipeleka hadi ngazi ya jamii katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, lilihusishwa na ongezeko la vifo vya watoto wachanga, ilhali lile la mwaka 2020 katika hospitali zilizoandaliwa, Kenya ikiwamo tena, lilipunguza vifo kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Kukesha maana yake ni nini? Mirija ya puani huteleza, pua hupata vidonda, tumbo hujaa hewa, kamasi huziba njia, na maji ya chupa hupungua. Mapovu yakinyamaza, mtoto amepoteza shinikizo lake, na hakuna king'ora kitakacholia. Muuguzi mmoja mwenye watoto watano anaweza kusikiliza chupa tano. Mwenye watoto 40 hawezi. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuanzisha CPAP katika hospitali fulani ni, kwa kiasi kikubwa, uamuzi wa ajira.

Suala la hewa yenyewe lina hesabu yake. Mtungi mkubwa wa oksijeni wenye lita 6,800 ukimhudumia mtoto mmoja kwa nusu lita kwa dakika hudumu zaidi ya siku tisa. Ukiendesha mapovu kwa lita sita kwa dakika, huisha kabla ya saa 19 kutimia, na njiti huyo atakuwa amepumua oksijeni tupu, ile iliyowapofusha watoto wa miaka ya 1940. CPAP salama inahitaji kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida, na kwa vitendo inahitaji mashine za umeme. Tanzania ilipitia mgao mkali wa umeme mwaka 2006, 2011, na tena kuanzia mwishoni mwa 2022 hadi mwanzoni mwa 2024. Mwaka 2021 serikali ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliozaa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ilielekezwa katika mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Ni kejeli ya historia kwamba mtambo uliomtafutia pumzi mtu mzima katika janga ndio uliomfaa baadaye mtoto ambaye uhaba wake wa hewa haukuwahi kuitwa janga.

Chombo kinapokuwa kimoja na watoto wawili, uchaguzi huacha kuwa wa kitabibu pekee. Nchini Malawi kulitungwa kanuni rahisi ya kumwezesha muuguzi kuamua bila daktari. Mtoto anayefaa ni yule mwenye misuli isiyolegea, anayehangaika kupumua, na ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Kanuni hiyo ni ya busara, maana inampa kifaa mwenye uwezekano wa kufaidika. Lakini inafaa kusemwa wazi inamwacha nani. Mtoto aliyelegea kwa kukosa hewa wakati wa uchungu anabaki nje, kwa kuwa tatizo lake liko katika ubongo kuliko mapafuni, na hakuna mapovu yatakayolirudisha nyuma. Huyo nafasi yake ilikuwa katika dakika ya kwanza, na wodi haiwezi kumrejeshea.

Kundi la tatu ni la maambukizi. Utafiti wa Neema Kayange na wenzake uliofanyika Bugando na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kuwa kati ya watoto wachanga 770 waliolazwa katika kipindi cha utafiti, 300 walikuwa na dalili za maambukizi ya damu. Vimelea vya Klebsiella na Escherichia coli vilijitokeza kwa wingi, vingi vikiwa sugu kwa dawa zinazoanza kutumiwa. Ushahidi huo unabadilisha mizani ya uchaguzi. Mrija wa kooni unaompa mtoto mashine ya kupumulia ni njia ya vimelea pia, na katika wodi yenye vimelea sugu, mashine yenye nguvu zaidi inaweza kuleta kifo cha siku ya saba badala ya kile cha siku ya pili. Kumchagulia mtoto njia isiyoingia mwilini, pale inapotosha, ni uamuzi wenye hoja yake yenyewe hata kama mashine ipo.

Kifua cha mama nacho kiingizwe katika orodha hiyo, ingawa wengi hukiweka katika sura ya lishe. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni zaidi kujipasha joto. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, liliwaweka watoto wa kilo 1.0 hadi 1.8 vifuani mwa mama zao mara baada ya kuzaliwa, hata wakiwa na mirija ya CPAP puani. Vifo vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Kwa hospitali ya wilaya yenye chombo kimoja cha mapovu, kitanda cha mama ndani ya wodi ya mahututi huenda ndicho kifaa cha pili.

Njia ya majini

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba mtoto amefika. Kwa wakazi wa Sengerema, Buchosa, Geita na sehemu ya Kagera, njia fupi ya kwenda Bugando ilipita majini, katika kivuko cha Kigongo–Busisi, ambako kusubiri na kuvuka kuliweza kuchukua saa mbili au zaidi. Mtoto aliyefungiwa mtungi mdogo ndani ya gari la wagonjwa alikuwa akishindana na foleni ya malori. Daktari wa ng'ambo aliyekuwa akiamua kumhamisha mtoto hakuwa akichagua kati ya huduma hafifu na huduma bora. Alikuwa akichagua kati ya huduma hafifu na safari.

Si ajabu, basi, kwamba moja ya mipango muhimu ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga ilianzia huko. Mpango wa m-mama ulijaribiwa Sengerema na Buchosa, ukaenda Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuwa wa kitaifa. Simu ya bure ya namba 115 humuunganisha mhudumu na gari la wagonjwa, au na dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mpango huo ulifupisha kusubiri. Haukumpa dereva chupa ya mapovu, wala haukumweka muuguzi kando ya mtoto katika kila safari. Kwa njiti, kuhamishwa tumboni mwa mama kabla ya kuzaliwa kumebaki kuwa usafiri salama kuliko wowote, na hapo ndipo namba 115 inapomfaa zaidi, ikipigwa uchungu unapoanza.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na uvukaji wa ghuba ukawa wa dakika chache kwa gari. Rufaa ambazo zamani zilisubiri mapambazuko sasa zinaweza kufanyika usiku, na wodi za Mwanza zitapokea watoto ambao awali wasingefika wakiwa hai, wakiwa wengi zaidi kwa muuguzi yuleyule. Mtoto wa Ukara hana daraja. Anavuka kwa kivuko hadi Bugorora, anapita kwa gari hadi Nansio, makao ya wilaya ya Ukerewe, na huko ndiko inakoamuliwa kama apande meli kwenda Mwanza, azungukie Rugezi na kivuko cha Kisorya, au abaki.